Kuwalea watoto katika uandishi wa hadithi Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wazima wa Moshi, mjini na vijijini, wanaotaka kukaa na watoto wa mtaa wao kila wiki na kuwasaidia kuandika hadithi, mashairi na masimulizi ya kwao wenyewe. Walioko Arusha watayatumia vilevile. Kinachobadilika ni majina ya kata na hali ya hewa ya Juni.

Mlezi wa uandishi anafanya kazi gani hasa?

Anasoma. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, na ndiyo inayosahaulika upesi. Mtoto wa darasa la nne amezoea kuandika ili apewe alama: daftari linakusanywa, linarudi na vema na makosa, basi. Ni mara chache mtu mzima kumwambia, "Hapa umenichekesha," au, "Hapa nimepotea, huyo mbwa alikuwa wa nani?" Mlezi ndiye huyo mtu mzima. Anakaa na watoto walewale wachache kila wiki, anasoma walichoandika wakiwa mbele yake, anauliza, na wiki inayofuata bado anakumbuka. Mtoto akijua kuna mtu anasubiri sehemu ya pili ya hadithi yake, ataiandika. Mambo mengine yote yaliyoelezwa hapa chini yanatumikia hilo moja.

Lazima niwe mwalimu au mwandishi?

Hapana. Inatosha uwe unasoma Kiswahili vizuri, una subira, na unaweza kuja wiki kumi mfululizo bila kukosa. Fundi cherehani, nesi mstaafu, mama wa duka, kijana aliyemaliza kidato cha sita, wote wanafaa.

Kila kundi lina nguvu yake na mtihani wake. Walimu wastaafu wanajua watoto, wanajua kunyamazisha darasa bila kelele, lakini kalamu nyekundu huwatoka mkononi kwa shida. Wakubaliane tangu mwanzo kuiacha nyumbani. Vijana waliomaliza kidato cha sita mwezi Mei wana muda hadi vyuo vifunguliwe, ila wengine huitwa JKT katikati, kwa hiyo waulizwe mapema na wapangwe wawili kwa kundi moja. Wazee wasioandika nao wana kazi kubwa: bibi anayejua hadithi ishirini za zamani akija mara moja kwa mwezi, watoto wataandika kwa wiki tatu zinazofuata.

Tuchukue watoto wa umri gani, na wangapi?

Kundi linalokwenda vizuri ni la darasa la tatu hadi la sita, miaka tisa hadi kumi na miwili. Mlezi mmoja kwa watoto watano au sita; wakizidi wanane, hatapata nafasi ya kusoma kazi ya kila mmoja, na hapo umebaki na tuisheni. Anzeni na watoto kumi na wawili na walezi watatu: wawili wanakaa na makundi, wa tatu anashika mahudhurio, uji na mambo ya dharura. Akikosekana mmoja, kipindi bado kinafanyika.

Msichague "wenye vipaji" pekee. Ukimwomba mwalimu akuletee wanaojua kuandika, atakuletea wenye mwandiko mzuri, na mwandiko mzuri si hadithi. Mwombe nusu wawe wale wanaopenda kusimulia, hata kama daftari lao limejaa wino wa kufutwafutwa.

Tunaanzia ofisi gani?

Kwa mwenyekiti wa mtaa, au wa kijiji kama mko Kibosho, Uru au Old Moshi. Mpelekeeni barua ya ukurasa mmoja: majina ya walezi, idadi ya watoto, mahali, siku, saa, na kwamba hakuna ada. Atawapa barua ya utambulisho. Mkitaka kutumia darasa la shule, nendeni na barua hiyo kwa mwalimu mkuu. Mara nyingi atataka Afisa Elimu Kata naye ajue, na ni vizuri kwenda huko kabla hujatumwa. Kikundi kikikua na kutaka kupokea misaada, zungumzeni na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kuhusu usajili. Kwa wiki kumi za kwanza hamhitaji akaunti ya benki wala fulana.

Walezi nao wachunguzwe. Kila mmoja alete barua ya serikali ya mtaa anakoishi na majina ya watu wawili wanaomfahamu, na watu hao wapigiwe simu kweli. Asiyetaka kuchunguzwa asipewe watoto.

Tukutane wapi na siku gani?

Mahali penye meza, mwanga, choo na mlango unaobaki wazi. Darasa, ukumbi wa kanisa, chumba cha madrasa, ofisi ya mtaa, au maktaba ya mkoa, ambayo ina faida ya kuwa na vitabu papo hapo. Nyumbani kwa mlezi hapafai, hata kama ana sebule kubwa. Pia msiwapeleke watoto mbali: mtoto wa Pasua asipande daladala peke yake kwenda Shanty Town kwa ajili ya hadithi.

Siku ni suala la kuuliza, si la kuamua. Jumamosi asubuhi inapendwa, lakini inawafungia nje watoto wa Wasabato, na watoto wengi wa Kiislamu wana madrasa mwisho wa wiki. Jumatano baada ya masomo imefaa mitaa mingi. Kwa upande wa mlimani angalieni siku ya soko, kwa sababu mtoto hubaki na wadogo zake mama akiwa sokoni. Masika, Machi hadi Mei, njia za vijijini huteleza na vipindi hukatika. Anzeni Julai shule zikifunguliwa, mtakuwa na wiki za kutosha kabla ya Desemba. Mkianza wakati wa kuchuma kahawa, kubalianeni na wazazi kabla, la sivyo nusu ya kundi itakuwa kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani.

Tunahitaji vifaa gani?

Kwa watoto kumi na wawili na wiki kumi: madaftari kumi na matano ya mistari yenye kurasa zisizopungua 80 (matatu ya ziada ni ya atakayepoteza na ya walezi), penseli 36, vichongeo vinne, raba sita, kalamu za wino mweusi kumi na mbili kwa ajili ya nakala safi za mwisho, rimu moja ya karatasi za A4, karatasi za manila za majalada, mkasi, rula, gundi, sindano nene na uzi. Penseli 36 zinaonekana nyingi. Hazitabaki.

Madaftari yakae na mlezi kwenye boksi, watoto wasiende nayo nyumbani kwa mwezi mmoja wa mwanzo. Yakienda nyumbani, mengine yatageuka daftari la hesabu la kaka mtu, na mengine yatasomwa na mtu ambaye mtoto hakutaka asome.

Vitabu vya kusoma ni muhimu kuliko kalamu za rangi. Tafuteni angalau thelathini vya Kiswahili, vifupi, vya viwango tofauti. Mtandao wa African Storybook una hadithi nyingi za Kiswahili ambazo ni ruhusa kuzipakua na kuzichapa bure. Chapeni chache zilizochaguliwa vizuri kuliko rundo.

Kipindi kimoja kinaendaje?

Dakika 90, na mpangilio usibadilike kila wiki, maana mtoto mwenye haya hutulia akijua kinachofuata.

Dakika kumi za kwanza ni za mdomo. Vitendawili, au kila mtu aseme kitu kimoja alichokiona njiani. Kisha mlezi anasoma kwa sauti dakika kumi, hadithi fupi au kipande cha hadithi ndefu, akikata pale watoto wanapotaka aendelee. Halafu kuandika, dakika 25, kimya. Mlezi naye aandike. Akizunguka nyuma ya migongo ya watoto, wataficha daftari kwa mkono na kuandika sentensi salama. Mapumziko dakika kumi na tano. Kusomeana dakika ishirini: mtoto anasoma kazi yake kwa sauti au anamwomba mwenzake amsomee, na anayetaka kupita anaruhusiwa kupita. Dakika kumi za mwisho mlezi anamwambia kila mtoto swali moja la kubeba nyumbani: "Wiki ijayo nataka kujua yule mzee aliingiaje ndani wakati mlango umefungwa."

Uji: lita nne za maji na unga kama gramu 400 zinatosha watoto kumi na wawili. Kama wengi wanakuja bila kunywa chai, uji utangulie kila kitu. Mtoto mwenye njaa haandiki, anaangalia sufuria.

Kinachoharibu kipindi mara nyingi ni hotuba. Mgeni akija, diwani au mfadhili, apewe dakika tatu, kisha akae aandike pamoja na watoto.

Mtoto anasema "sina cha kuandika." Tufanyeje?

Anacho, ila anadhani hakistahili. Amefundishwa kwamba hadithi ina mfalme, msitu na simba, na yeye anaishi Njoro kwenye vyumba viwili. Usimpe mada pana kama "Andika kuhusu familia yako". Mada pana ndiyo inayomkwamisha. Mpe mlango mwembamba.

Mlango wa kwanza ni kitu kinachoshikika. Weka mezani ufunguo wenye kutu, ndala moja, chupa ya dawa isiyo na karatasi, kikapu kilichokatika mpini. Achague kimoja na ajibu maswali matatu kwa mdomo kwanza: ni cha nani, kwa nini kiko hapa, nani anakitafuta? Akishajibu, mwambie, "Andika hayo hayo uliyoniambia." Watoto wengi hushangaa kwamba hayo yanaruhusiwa.

Mlango wa pili ni kugeuza msimulizi. Watoto wa Moshi wanajua kisa cha Kibo na Mawenzi: Mawenzi alivyokuwa akienda kuomba kwa nduguye, mpaka Kibo akachoka akampiga kwa mchi, ndiyo maana kilele chake kimechongokachongoka. Kisa hicho husimuliwa kwa kumlaumu Mawenzi kwa uvivu na ulaghai. Waambie waandike Mawenzi anavyojitetea. Au wingu lililokuwa katikati yao na kuona yote. Zoezi hili halishindwi karibu kamwe, kwa sababu kisa wanakijua na kazi inayobaki ni sauti tu.

Mlango wa tatu ni orodha. Sauti tano zinazosikika kwenu kabla hakujakucha. Vitu vinne ambavyo bibi hataki viguswe. Mambo matatu ambayo konda wa daladala amewahi kusema. Orodha haiogopeshi, na mara nyingi katikati yake kuna kitu kimoja ambacho ni hadithi nzima, kazi ya mlezi ni kukiwekea kidole na kusema, "Hiki, niambie zaidi."

Je, tusahihishe makosa?

Ndiyo, lakini mwishoni, na kwa kiasi. Kazi ina hatua tatu na kila moja ina kazi yake. Rasimu ya kwanza haiguswi kabisa: hakuna kalamu ya mtu mzima juu ya daftari la mtoto. Rasimu ya pili inajibu maswali ya mlezi. Rasimu ya tatu, ile itakayosomwa na wengine, ndiyo ya tahajia, nukta na herufi kubwa. Ukisahihisha tahajia kwenye rasimu ya kwanza, mtoto atajifunza kuandika maneno anayojua kuyaandika tu, na hadithi itapungua hadi kufikia ukubwa wa maneno hayo.

Chukua mfano. Mtoto ameandika: "Bibi alienda sokoni. Alinunua vitu. Alilud nyumbani." Jicho la haraka linaona "alilud". Liache kwanza. Uliza: "Vitu gani? Alivibeba kwenye nini? Alipofika wewe ulikuwa unafanya nini?" Mtoto atajibu kwa mdomo, na jibu litakuwa na uhai ambao sentensi zake hazina. Wiki inayofuata karatasi inaweza kusomeka hivi: "Bibi alirudi na chane mbili za mshare na magadi amefunga kwenye gazeti. Mimi nilikuwa juu ya mparachichi. Sikushuka kwa sababu nilikuwa nimevunja sufuria ya udongo." Hakuna mtu aliyemfundisha mtoto huyu muundo wa hadithi. Ameulizwa maswali matatu, na hadithi imeanza yenyewe kwenye ile sufuria.

Katika rasimu ya tatu chagua aina moja au mbili tu za makosa kwa kila mtoto. Kuchanganya r na l ni kosa la kawaida kwa watoto wengi, litajwe, lisichekwe. Na mlezi asimwandikie mtoto sentensi nzuri zaidi. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, maana linafanyika kwa upendo: hadithi inatoka imenyooka, wazazi wanapiga makofi, na mtoto anajua moyoni kwamba si yake.

Hadithi zote zinafanana: sungura na fisi, halafu "nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto." Kwa nini?

Kwa sababu hizo ndizo hadithi wanazozijua kwa maandishi, na ndoto ni njia ya haraka ya kumaliza wakati umechoka au muda umeisha. Si uvivu. Msiwakataze sungura, ni urithi wao. Ulizeni sungura huyu anaishi wapi. Sungura anayeiba mahindi Mabogini na kukutana na mlinzi wa shamba la miwa la TPC si sungura wa kila mtu tena.

Kwa ndoto, wekeni sheria moja kwa msimu mzima: hakuna kuamka. Mtoto akikwama karibu na mwisho, aandike "itaendelea" na aachie hapo. Wengine watabaki na hadithi isiyokwisha na hakuna ubaya. Vilevile sentensi ya "hadithi hii inatufundisha kwamba" iruhusiwe kuachwa. Shuleni wataiandika, hapa msomaji ataona mwenyewe.

Mtoto achanganye Kichaga au Kimaasai ndani ya Kiswahili?

Aachwe achanganye, hasa katika maneno ya watu wanaosema. Bibi wa Marangu anayeongea Kiswahili cha kitabu katika hadithi ni bibi wa uongo. Maneno kama kihamba, mfongo (mfereji wa maji), meku (mzee) au yeyo (mama) yabaki yalivyo. Msomaji ataelewa kutokana na sentensi, na asipoelewa, mtoto aongeze maneno mawili ya kusaidia. Watoto wanaosoma shule za Kiingereza wengine huandika Kiingereza kwa kuwa ndicho walichozoea kukiandika, ingawa wanacheka na kugombana kwa Kiswahili. Wasilazimishwe kutafsiri. Waombwe tu waandike mazungumzo katika lugha ambayo wahusika wangeyasema kweli.

Mtoto ambaye bado hajui kuandika vizuri?

Mlezi amwandikie anavyosimulia, neno kwa neno, bila kupamba, kisha amsomee na mtoto anakili sentensi moja au mbili kwa mkono wake. Wiki kwa wiki sehemu anayoandika mwenyewe inaongezeka. Anayeona kwa shida akae karibu na dirisha na apewe karatasi zilizopigwa mistari mikubwa kwa kalamu nene. Mjulisheni mzazi, kwa sababu wakati mwingine ni kipindi hiki ndicho kinachoonyesha kwamba mtoto anahitaji miwani. Wanaotumia mkono wa kushoto wakae mwisho wa benchi upande wa kushoto, wasigongane viwiko. Wasibadilishwe mkono.

Mtoto akiandika jambo zito, kupigwa, kuguswa, njaa nyumbani?

Hili litatokea, kwa hiyo mlijue kabla halijatokea.

Mlezi asome kwa utulivu na amwambie mtoto, "Asante kwa kuniambia, si kosa lako." Asimhoji kama polisi, na asiahidi siri, kwa sababu hataweza kuitunza. Aulize kitu kimoja tu: je, leo ukirudi nyumbani utakuwa salama? Anakili maneno ya mtoto kama yalivyo, na tarehe. Daftari halisomwi mbele ya wengine wala kuonyeshwa ndugu. Msiende kumkabili anayetuhumiwa. Mara nyingi mtoto ndiye atakayelipa.

Siku hiyohiyo walezi wawili wawasiliane na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Namba 116 ni ya simu ya huduma kwa mtoto, inapigwa bure. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa azipeleke kwenye mamlaka ya serikali za mitaa, kwa hiyo kunyamaza "ili tusiingilie mambo ya familia" si heshima.

Kila wakati wawepo watu wazima wawili. Mlezi asibaki peke yake na mtoto, asimpeleke nyumbani peke yake, asiwasiliane naye kwa simu ya binafsi. Ujumbe wote upitie kwa mzazi.

Wazazi wanasema ni kupoteza muda, mtoto ana mtihani wa darasa la nne au la saba.

Wana haki ya kuwa na hofu, na msijibu kwa hotuba juu ya vipaji. Mwalikeni mzazi kipindi kimoja, akae nyuma, asikie mtoto wake akisoma. Watoto wenye mitihani ya taifa wapunguziwe: darasa la saba wasimame kuanzia Agosti, maana mtihani wao ni Septemba. Msiahidi kwamba alama zitapanda. Mtoto anayeandika kila wiki kwa kawaida huandika insha bila kuogopa, lakini hiyo ni faida ya pembeni, na ahadi ya alama itaigeuza klabu kuwa tuisheni ndani ya mwezi.

Walezi wanapotea baada ya wiki nne. Tunawashikaje?

Ombeni muda mfupi na uwe na mwisho: wiki kumi, si "mwaka mzima" wala "tutaona". Mtu huweza kuahidi wiki kumi kwa dhati. Wapeni nauli, hata kama hakuna posho. Kijana hataomba, atapotea tu. Walezi wakae nusu saa baada ya kila kipindi, wasomeane kazi za watoto. Nusu saa hiyo ndiyo inayowarudisha, kwa sababu wanaona kitu kinakua. Anayelazimika kuondoka aage watoto ana kwa ana. Mtoto ambaye msomaji wake ametoweka bila neno huacha kuandika, na huchukua muda mrefu kumwamini wa pili.

Tunatengenezaje kitabu chetu wenyewe?

Kijitabu cha kurasa 16 ndicho rahisi: karatasi nne za A4 zilizokunjwa katikati, pamoja na jalada la manila. Watoto kumi na wawili, ukurasa mmoja kila mmoja, wa maneno kama mia moja; zinabaki kurasa nne za kichwa, yaliyomo, shukrani, na ukurasa mmoja wa mwisho ulio mtupu. Juu ya ule mtupu andikeni: "Mwandikie barua mmoja wa waandishi." Msomaji aukate ukurasa huo na kuurudisha kwa mtoto. Ni sehemu ya kitabu inayofanya kazi kuliko zote.

Watoto waandike nakala safi kwa wino mweusi kwenye nusu karatasi. Penseli hufifia kwenye mashine ya kopi. Waache ukingo wa sentimita mbili kila upande, kwa sababu mashine hula pembeni na mkunjo hula katikati. Kisha gundisha nusu karatasi kwenye A4 kwa jozi. Hapa ndipo watu hupotea. Kanuni ni kwamba namba mbili zinazokaa upande mmoja wa karatasi zijumlishwe zitoe 17. Karatasi ya nje ina 16 kushoto na 1 kulia, nyuma yake 2 na 15. Ya pili: 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu: 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya katikati: 10 na 7, nyuma 8 na 9. Kabla ya kulipia kopi, kunja karatasi nne tupu, andika namba kwa penseli, fungua utazame. Na mwambie mtu wa stesheneri atoe nakala moja kwanza. Akigeuza karatasi vibaya, upande wa pili utatoka kichwa chini.

Nakala 30 hutumia karatasi 120, rimu inabaki na nyingi. Zipangeni, zikunjeni kwa rula, kisha shoneni. Fungua kijitabu katikati, toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na mengine sentimita tatu kutoka kila mwisho. Toboa kutoka ndani kwenda nje. Ukitoboa kutoka nje utakosa mstari wa mkunjo. Kata uzi wa nusu mita. Ingiza sindano tundu la katikati kutoka ndani, ukiacha mkia wa vidole vinne. Rudi ndani kwa tundu la juu. Pita moja kwa moja hadi tundu la chini bila kuingia la katikati, toka nje. Rudi ndani kwa la katikati. Ncha mbili za uzi ziwe huku na huku ya ule uzi mrefu, ndipo zifungwe. Zikiwa upande mmoja, kitabu kitalegea.

Mkitaka kuuza nakala madukani na kupata namba ya ISBN, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa kijitabu cha mtaa hamuihitaji.

Hadithi ni mali ya nani? Na picha?

Ni ya mtoto. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, haki huanza kazi inapoandikwa, bila kusajiliwa, na mtoto si tofauti. Klabu iombe ruhusa ya mzazi kwa maandishi, na ruhusa ya mtoto kwa mdomo, kwa kila kitabu. Mtoto akibadili mawazo wakati wa kuchapa, ukurasa wake uondoke. Picha za watoto ni taarifa binafsi na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jina la kwanza na umri vinatosha. Jina la shule, mtaa na picha ya uso visikae pamoja kwenye simu ya mtu yeyote.

Tuweke mashindano na zawadi?

Tunashauri msiweke, angalau mwaka wa kwanza. Mshindi mmoja ana maana ya watoto kumi na mmoja walioshindwa kwa jambo ambalo walileta bila kulazimishwa. Badala yake fanyeni siku ya kusoma: wazazi, majirani, kila mtoto dakika tatu. Desemba ni mwezi mzuri, wachaga wa mjini na wa mbali wanarudi nyumbani na ukumbi hujaa wenyewe.

Watoto watumie simu na akili mnemba?

Kwa kurekodi bibi akisimulia, simu ni chombo bora. Kwa kuandikiwa hadithi, hapana. Watoto wa umri huu wanajifunza kusikia sauti yao, na hadithi iliyotengenezwa na mashine huja imekamilika kabla hawajaitafuta.

Mtoto akimaliza darasa la saba ndiyo mwisho?

Kuanzia Septemba hadi kidato cha kwanza kifunguliwe Januari, hana masomo na ana muda mwingi. Mwiteni awe msaidizi: asome kwa sauti zile dakika kumi, awaandikie wadogo wanaosimulia kwa mdomo, ashone vijitabu. Awe na mlezi wake bado, na daftari lake jipya, na naye asomewe kila wiki kama wengine. Asihesabiwe kati ya wale watu wazima wawili wanaotakiwa chumbani.